Haya ya Gulio la Kikwe

Nasikia siku hizi vijana wengi mmepata kazi ya kuuliza watu maswali. Mnakwenda nyumba kwa nyumba na makaratasi yenu, mnamuuliza mama anapikia nini, mnamuuliza baba anaionaje serikali, halafu mnarudi ofisini kusema wananchi wamesema hivi na hivi. Kazi nzuri, haichafui nguo. Mimi niliifanya wakati wa Mwingereza, baba zenu hawajaota meno, na darasani sikuingia hata siku moja. Shule niliiona kupitia dirishani, nikipeleka maziwa ya mwalimu. Maneno haya anayaandika mjukuu wangu, na nimemkataza kunisahihisha. Nikizidisha chumvi aiache, chakula ni changu.

Nilikuwa mkalimani. Mkalimani ni mtu anayesimama katikati ya watu wawili wasioelewana, na wakigombana anapigwa yeye. Kimeru nilinyonya kwa mama. Kimaasai nilikipata malishoni. Kiswahili nilikiokota mjini Arusha kwa watoto wa Kiislamu waliokuwa wanauza vitumbua, na Kiingereza nilijifunzia jikoni kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Kwa hiyo kwa muda mrefu niliweza kusema kwa Kiingereza kwamba supu imeungua, lakini sikuweza kusema amani. Hata hivyo kilikuwa Kiingereza kikali. Mbwa wa yule mzungu alikuwa ananisikiliza mimi, tajiri wake akimwita anageuka kwanza kunitazama kama nimeruhusu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, mkalimani mkubwa pale boma, yaani ofisi ya serikali. Asili yake Pangani. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka majogoo wakimwona kwenye giza wanawika wakidhani kumekucha. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akanitazama miguu, kisha akaniuliza.

"Eliasi, mkalimani anabeba nini?"

"Anabeba maneno, mzee."

"Maneno hata kasuku anabeba. Wewe unambeba mtu. Ukimdondosha njiani, maneno yote yakafika salama, umefikisha nini?"

Sikumwelewa. Nilijibu ndiyo mzee, kama mnavyowajibu wakubwa wenu.

Lakini mafunzo ya vitendo niliyaelewa haraka. Simama nyuma ya bega la mkubwa, upande ule asioshika fimbo. Usile maharage kabla ya baraza. Usigeuze neno mara tu linapotoka, meza mate kwanza, maana mtu akisema kwa hasira, hapo unapomeza mate anapata nafasi ya kulichukua neno lake akalirudisha mfukoni. Kuna mzee mmoja wa kule juu alisimama barazani akamwonyesha kidole Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akasema kwa Kimeru, "Mwambieni huyu mtoto mwenye uso kama nyanya iliyoiva aende akanyonye." Nikameza mate. Nikameza tena. Yule mzee hakuchukua kitu. Bwana Shauri akanigeukia, "Anasemaje?" Nikamwambia, "Anasema Bwana una afya nzuri, na anakushauri unywe maziwa." Bwana Shauri akamshukuru sana. Yule mzee alivyoona anashukuriwa alikaa chini, na nadhani hakuinuka mpaka mavuno.

Basi, katika miaka hiyo akaja profesa kutoka Ulaya. Mrefu, jamani. Akipita shambani migomba ilikuwa inampiga makofi usoni, na jua lilimmenya pua kama kiazi cha kuchemsha. Boma walimpa Mzee Athumani amsaidie. Baada ya siku chache Mzee Athumani akaniita.

"Eliasi, mchukue wewe yule bwana."

"Ana nini, mzee?"

"Anauliza kwa nini. Ukimjibu, anauliza na hilo jibu kwa nini. Mimi nina pumu."

Ndipo watu wakambatiza Bwana Kwa Nini. Na yeye alilipenda hilo jina, akawa anajitambulisha nalo.

Nilimuuliza amefuata nini huku. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kwenye kitabu, "Ewe ndugu yangu, mimi nachunguza jinsi neno la serikali litokavyo bomani hadi kumfikia mtu wa mwisho, na jinsi neno la mtu huyo lirudivyo bomani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Bwana, hilo halina uchunguzi. Linapita hapa," nikagusa koo langu.

Akasema, "Ndiyo maana nataka kulichunguza koo lako."

Tangu siku ile nikawa nafunga skafu.

Alikuwa na mashine ya kunasa sauti, sanduku zito kama jiwe la kusagia, linaendeshwa na betri ya gari. Unaongea, utepe unazunguka, baadaye sanduku linakurudishia sauti yako mwenyewe. Mara ya kwanza nilipojisikia nilimwambia Profesa kuna mpumbavu mmoja humo ndani anaiga sauti ya kaka yangu.

Niwape mfano mmoja mjue alikuwa anatafuta nini. Boma ilituma gari la matangazo, lile lenye tarumbeta juu, likapita Sakina, huku chini ya mlima, likitangaza: ng'ombe wote watachomwa sindano, waleteni. Sisi tukalifuata lile neno kwa miguu kwenda mlimani, tunauliza kila kijiji wamesikia nini. Huku chini wanasema ng'ombe watachomwa sindano. Mbele kidogo wanasema ng'ombe watachomwa. Tulipofika juu kabisa hakuna ng'ombe hata mmoja barabarani. Wote wamefichwa kwenye migomba. Baba mmoja ng'ombe wake yuko kitandani, amefunikwa blanketi, na yeye amekaa kando anasema ni mama mkwe anaumwa. Nami nikamsalimia yule mama mkwe, akaniitikia moo.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Profesa aliuliza, "Neno sindano limepotelea wapi?" Tukarudi chini tunalitafuta kama mbuzi, nyumba kwa nyumba, mpaka tukalikuta kwenye kilabu cha mbege, ile pombe ya ndizi. Hapo ndipo mtu aliyepeleka habari mlimani alipopumzika na kunywa, na alipoinuka kuondoka aliliacha. Profesa alifurahi siku hiyo kama amepata dhahabu. Na mimi nikaanza kuiheshimu kazi yake. Nikaona kumbe neno likipungua kidogo tu, mtu analala na ng'ombe.

Sasa njooni Kikwe.

Pale palikuwa na gulio, kwenye ukingo wa mto, upande wa mlimani. Wamama wa Kimeru wanashuka na ndizi na kahawa kidogo, watu wa nyikani wanapanda na mbuzi na magadi, wanakutana hapo. Hapakuwa na kitu ila vumbi na kelele. Bwana Shauri wa wakati ule alikuwa kijana mzuri, hakuwa na roho mbaya. Akaona watu wanauza wakinyeshewa, akasema nitawajengea soko ng'ambo ya mto, karibu na barabara kubwa, lenye bati na choo, na lori litafika mlangoni. Alikwenda kupapima mwenyewe wakati wa kiangazi. Mto wakati huo unafika kwenye kifundo cha mguu. Alivuka akirukaruka mawe kama mwanambuzi.

Likaitwa baraza. Mzee Athumani ndiye mkalimani siku hiyo, mimi nilikuwa pembeni na Profesa na sanduku lake, utepe unazunguka. Bwana Shauri akaeleza vizuri sana, bati, choo, lori. Akamaliza, "Ikianza masika, gulio la hapa tutalifunga. Mmekubali?"

Nzi mmoja akapita, nilimsikia mpaka alipotua. Kisha wamama wakajibu, na wazee nao wakafuatia.

"Haya."

Mzee Athumani akageuza Kiingereza, "Wamekubali, Bwana." Bwana Shauri akapiga makofi. Profesa akaandika kwenye kumbukumbu zake za uchunguzi kwamba watu wa Kikwe wamelipokea neno la serikali na kulikubali wote. Akaipeleka taarifa boma. Mafundi wakaanza kuchimba misingi.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wenu mnaishia hapo. Lakini yule bwana alikuwa na ugonjwa wa kusikiliza. Alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake pale mjini, anarudisha utepe, anasikiliza, anarudisha, mpaka kuku wa jirani wakajifunza kusema haya. Siku moja nimefika kazini akaniambia, "Eliasi, kaa. Hizi haya hazifanani."

Akanipigia. Kweli. Haya ya wazee ilikuwa fupi, kama mlango unafungwa. Haya ya wamama ilikuwa ndefu, inashuka, haaaya, kama mtu anatua mzigo.

"Maana yake nini?" akauliza.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Neno nalisema kila siku tangu nazaliwa. Unamwambia mtoto haya, twende. Mtu akikuaga unamwambia haya. Mke akikukaripia mpaka umechoka unasema haya. Fundi akikutajia bei ya wizi unasema haya, halafu unaondoka. Nikamwambia, "Bwana, inategemea nani ameshika mlango."

Tukaenda kumuuliza Mzee Athumani. Alikuwa anakunywa kahawa kibarazani kwake. Akaudhika kidogo.

"Kwetu Pangani haya ni haya. Mtu akisema haya ameridhia, mambo yamekwisha."

"Na huku, mzee?" nikauliza.

Akazungusha kikombe. "Huku nimekaa miaka yote hii nikidhani wanasema cha kwetu."

Mimi sikumwongezea. Alikuwa mwalimu wangu, na kuna mlango ambao kila mkalimani anaupita siku moja, anakuta ndani kuna chumba asichokijua.

Siku ya gulio tukaenda Kikwe na sanduku. Pale ndipo nilipomfahamu vizuri Mama Anaeli. Alikuwa mjane, anauza ndizi, mguu wake mmoja mfupi tangu utotoni, ila mdomo wake ulikuwa mrefu wa kutosha miguu yote miwili. Watoto wake wadogo alikuwa anawaacha nyumbani kule juu asubuhi, mkubwa anawaangalia wadogo, naye lazima arudi kabla ya jua kuzama akamue na kupika. Zile ndizi ndizo zilikuwa baba wa nyumba ile.

Profesa akawasha sanduku. Likatoka "haaaya" la wamama wote. Gulio zima likaanguka kicheko. Mama mmoja akaacha maziwa yake yakamwagika. Mama Anaeli akafuta machozi kwa kanga.

"We Eliasi, mmetufungia kwenye sanduku kama sukari?"

"Bwana anataka kujua maana yake, mama."

Profesa akajikunja mpaka akafikia usawa wake. "Mama, siku ile ulisema haya. Kwa nini?"

"Kwani wewe ungesema nini, baba?"

"Kama sitaki, ningesema sitaki."

"Mbele ya mgeni? Mtu wa watu amesimama juani, shingo imemwiva, nimwambie sitaki? Nilimwambia haya apate kwenda kunywa chai."

"Kwa hiyo hukukubali?"

"Nikubali nini? Aliniuliza kitu? Alisema anajenga. Nikasema haya, jenga. Mtu akijenga kwake nitamzuia?"

Wamama wakaitikia, eee. Profesa akauliza swali ambalo mimi mpaka leo nadhani lilikuwa na akili kuliko yote aliyoyauliza Meru nzima. Hakuuliza unakubali au hukubali. Aliuliza, "Siku ya gulio, mama, tangu unaamka mpaka unalala, unafanya nini?"

Basi akaelezwa. Kuamka, kukamua, kubeba, kushuka, kuuza, kupanda. Na katikati ya maelezo mama akataja masika, akataja na mto, hivi hivi tu, kama anayetaja jirani mkorofi. Wakati wa masika mvua ikinyesha juu ya mlima, mto unashuka ghafla, na ukishashuka hauvukiki mpaka kesho yake. "Nikiwa ng'ambo," akasema, "wanangu watalala na nani?"

Hapo kicheko kiliisha.

Profesa alikwenda kwa Bwana Shauri siku ile ile, mimi nyuma ya bega lake. Akamweleza yote. Bwana Shauri akamsikiliza kwa heshima, kisha akafungua mtoto wa meza akatoa taarifa.

"Profesa, wewe mwenyewe umeandika wamekubali."

"Niliandika vibaya."

"Nami nilikuwepo. Niliwauliza, wakajibu. Sasa nikianza kuchunguza kila ndiyo ya watu hawa, nitatawala lini?"

Mabati yalikuwa yameshapigwa misumari. Askari walikuwa wameshapangwa kwenda kufunga gulio la zamani. Profesa akaomba kitu kimoja tu: siku ya kufungua soko, askari wasiende. Watu waachwe, sisi tutazame. Bwana Shauri akacheka akasema haina shida, alikuwa na hakika na soko lake. Na niwaambie, lilikuwa zuri. Bati linang'aa mpaka ndege za juu zilikuwa zinakunja kona.

Siku ikafika. Tumesimama ng'ambo sokoni, Bwana Shauri na soksi zake ndefu, Mzee Athumani na kanzu yake, Profesa na mimi. Wamama wameshuka mlimani wametandika ndizi zao pale pale pa zamani, kama vile hakuna kilichotokea. Bwana Shauri akaanza kutikisa mguu. Mara mvua. Si mvua ya kudondoka, ni mvua ya kumwagwa, kama kuna mtu juu kakasirika na ndoo. Wamama wakainua mizigo, wakavuka mto mbio, wakaingia chini ya bati wote. Mbuzi nao, wenye mbuzi nao. Soko likajaa mpaka nguzo zikabanwa.

Bwana Shauri akamgeukia Profesa, uso unawaka. "Unaona? Hata kwa miguu wamekubali."

Profesa akafuta miwani yake. Alikuwa mweupe, sasa akawa mweupe zaidi. Biashara ikaanza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele watu hawasikilizani, wananunua kwa vidole. Kwa kweli hata mimi nilisema moyoni, kumbe mambo ni hayo tu, walihitaji bati.

Ila Mama Anaeli alikuwa amekaa ukingoni kabisa, na alikuwa hatazami ndizi wala wanunuzi. Anatazama mto. Maji yalikuwa bado machache, lakini rangi ilianza kugeuka, kama mtu ametia kahawa. Akainuka. Akajitwisha mkungu wake uliobaki, akatoka mvuani. Hakuaga, hakuita mtu. Mama wa pili akamwona, akainuka. Wa tatu. Ndani ya muda mfupi wote wametoka, wenye mbuzi nao wameshika njia ya nyikani, mvua bado inanyesha, bati zima limebaki na mbuzi mmoja na sisi wakubwa wa serikali.

"Wanakwenda wapi?" Bwana Shauri ananiuliza. "Mvua haijaisha. Waambie mvua haijaisha."

Nikawaambia. Mmoja akanijibu, "Haya," akaendelea kwenda.

Wa kwanza walivuka maji yako magotini. Wa nyuma yakawa mapajani, na yalikuwa yanavuta. Mama Anaeli alikuwa ametangulia kutoka, lakini kwa ule mguu akawa wa mwisho kufika katikati. Nikaona anayumba. Mkungu ukamtoka kichwani ukaenda na maji, unabingirika kama mtu anayeogelea, na yeye mwenyewe akainama akashika maji, na maji hayashikiki.

Aliyetutangulia sote ni Profesa. Aliingia na viatu vyake, na kofia, na miwani. Urefu ule tuliokuwa tunaucheka siku zote, siku hiyo Mungu alionyesha kwa nini aliutengeneza. Akasimama katikati ya mto kama nguzo. Mama Anaeli akamkamata mkanda. Mimi nikamshika Profesa shati, na Mzee Athumani, na pumu yake, akanishika mimi, ile kanzu imekuwa rangi ya uji wa ulezi. Ng'ambo ile wamama wakaunganisha kanga wakatutupia. Tukamsogeza mpaka akafika kwao. Sisi tukarudi huku kwa shida, tukageuka kutazama, na pale tulipokuwa tumesimama pamekwisha kuwa mto mwingine kabisa, unabeba magogo. Mimi nasema yalikuwa magogo makubwa kama treni. Mjukuu wangu amekunja uso hapa. Andika treni.

Bwana Shauri alikuwa amesimama ukingoni, hana rangi. Nadhani alikuwa anahesabu kichwani ni masika ngapi zinakuja, na magulio mangapi katika kila masika, na wamama wangapi. Hakusema wamekubali. Akanigonga bega.

"Waulize wanataka nini."

Tangu nianze kazi boma, hilo swali sikuwahi kupewa kuligeuza. Nilikuwa na maneno yote ya kuwaambia watu: leteni, jengeni, lipeni, fungeni. Nikaliita kwa Kimeru kwa nguvu zangu zote, mto unanguruma. Wamama ng'ambo wakaangaliana. Wakasemezana. Nikamwona Mama Anaeli amesimama, amelowa chepechepe, mkungu wake uko njiani kwenda baharini, akaweka mikono mdomoni.

"Mwambie bati tumelipenda," akaita. "Alilete huku."

Nikameza mate, nikaligeuza kama lilivyo, sikupunguza hata punje. Mzee Athumani akatikisa kichwa kunikubalia. Bwana Shauri akanitazama, akamtazama Profesa, akatazama bati lake jipya. Akasema kwa sauti ndogo, "Misumari itaharibika." Ndiyo ilikuwa haya yake yeye.

Mto ulipopungua watu wa Kikwe walijitokeza wenyewe. Hawakuitwa na tarumbeta. Waliling'oa soko kipande kwa kipande, wakalivusha kichwani, mabati yanaelea juu ya mto kama soko limeota miguu. Bwana Shauri akaja kusimamia, na ramani yake, na kamba. Akawaonyesha mafundi mahali pa kuchimba nguzo. Nguzo ya kwanza ilipowekwa kwenye shimo, akafanya kitu ambacho hakukifanya kwenye lile baraza. Akaenda mpaka alipokaa Mama Anaeli, akaniita nije, akamuuliza, "Mama, hapa panafaa?"

Mafundi wakasimama na sururu zao. Wazee wakatazama chini. Mama Anaeli akaitazama ile nguzo, akatazama mlima upepo unakotokea, akatazama ndizi zake.

"Hapana," akasema. "Mvua ya hapo itanimwagikia mgongoni. Sogeza."

Profesa hakuwa amewasha sanduku. Alibaki amesimama, kalamu mkononi, ameacha kuandika. Mimi nikamgeukia Bwana Shauri, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni, neno moja, bila kumeza mate.

Wakasogeza.